Mbwa anakoroma, paka naye anakoroma, na mume anataka watoto wa mbwa kwanza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na ninaishi Ilemela hapa Mwanza. Mume wangu ni mfanyabiashara wa samaki ambaye siku zake nyingi huzimaliza kati ya soko la Mwaloni, Kirumba, na visiwa vya Ukerewe, kwa hiyo wanyama wa nyumbani wameachwa mikononi mwangu. Ninakuandikia kwa sababu jambo ambalo wengine wangeliona dogo limeanza kututia maneno ndani ya nyumba.

Mwaka jana mume wangu na mdogo wake walichanga fedha wakanunua jike la buldogi wa Kifaransa kutoka Nairobi, kwa nia ya kumzalisha na kuuza watoto wake, maana mbwa wa namna hii wameanza kutafutwa hapa mjini na bei yao si ya mchezo. Tunamwita Bonge. Ni mpole na watoto wanampenda, lakini tangu alipofika anakoroma hata akiwa macho. Matundu yake ya pua ni kama mistari miwili myembamba, na akivuta pumzi mistari hiyo inajibana badala ya kufunguka. Anakula kwa shida, kisha anacheua chakula kikiwa na povu jeupe. Usiku hawezi kulala kichwa kikiwa chini. Lazima aegemeze kidevu chake kwenye kizingiti cha mlango au juu ya kandambili ya mtu. Mwezi Februari, mchana wa jua kali, alimfuata mwanangu kupanda mlima wa mawe ulio nyuma ya nyumba yetu, akarudishwa amebebwa, ulimi umegeuka rangi ya zambarau.

Daktari wa mifugo tuliyempelekea alisema matundu ya pua ni membamba tangu kuzaliwa, na kwamba huenda hata kaakaa la nyuma limezidi urefu. Alishauri upasuaji, akaongeza kwamba asingependa kuona mbwa huyu anapandishwa. Mume wangu hakukubali. Anasema mbwa wa aina hii wote wanakoroma, ndivyo walivyoumbwa. Tayari amepokea malipo ya awali kutoka kwa wateja, na mpango wake ni kwamba Bonge apandishwe atakapoingia kwenye joto, watoto wauzwe, na fedha hizo ndizo zigharimie upasuaji.

Halafu yuko paka. Kijivu ni paka wa kawaida wa mtaani ambaye binti yangu alimwokota akiwa mdogo, ana mafua na macho yamejaa tongotongo. Mafua yalipona, lakini baada ya muda akaanza kutoa sauti puani kama mtu aliyejaa kamasi, ingawa kamasi lenyewe halionekani. Sasa akila dagaa anasimama katikati ya mlo, anafungua mdomo avute hewa, kisha anaendelea kula. Muuza duka moja la dawa za mifugo amemchoma sindano za antibaiotiki mara kadhaa bila nafuu ya kudumu. Mume wangu hunitania kwamba kama paka mwenye pua ndefu naye anakoroma, basi apasuliwe na yeye. Utani huo unaniuma kwa kuwa sina la kumjibu.

Kikoba chetu kinavunjwa mwezi ujao. Fungu langu nililitenga kwa ajili ya cherehani mpya, lakini nimewaza kulitumia kumpeleka Bonge kwenye upasuaji wakati mume wangu yuko kisiwani, na kumwomba daktari amfunge kizazi hapo hapo, jambo liishe. Dada yangu anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimeharibu mali ya mume wangu na shemeji yangu bila ruhusa yao. Mama mkwe anasema tunawapa wanyama fedha ambazo watu hawana za kulipia hospitali. Na hata hivyo fedha zenyewe hazitoshi wanyama wawili. Je, nimtibu mmoja? Yupi? Au ninyamaze?

Mwenye Njia Panda, Ilemela

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huu.

Kabla ya kukujibu nilimsomea barua yako daktari wa wanyama ninayemwamini, ili nitakayosema kuhusu pua na koo yasiwe ya kubahatisha. Yale ya ndoa ni yangu mwenyewe, nawe uyapime kama unavyopima maneno ya shangazi yeyote.

Nikikuelewa vizuri, una mbwa ambaye ugonjwa wake umetajwa lakini umekataliwa, una paka ambaye ugonjwa wake haujatajwa na mtu yeyote, na una fungu moja la fedha linalovutwa kila upande. Unauliza yupi atibiwe. Naomba tuliweke swali hilo kando kwa muda, kwa maana wanyama hawa wanatoa sauti zinazofanana kutoka mahali pawili tofauti kabisa, na gharama ya mmoja wao haijulikani hadi mtu amtazame nyuma ya pua.

Nianze na mumeo, kwa sababu ana hoja. Ni kweli kwamba buldogi wa Kifaransa wengi wanakoroma, na ni kweli kwamba ndivyo walivyo. Lakini waliowafanya wawe hivyo ni wafugaji, ambao kwa vizazi vingi walichagua mbwa wenye uso bapa. Mfupa wa uso ukafupika, lakini nyama iliyomo ndani haikupungua kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana kaakaa laini linaning'inia hadi kwenye mlango wa zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, ulimi unajaza kinywa, na matundu ya pua yanabaki mistari kama ulivyoeleza. Kukoroma kwa namna hii ni sauti ya hewa inayolazimishwa kupita mahali pasipotosha, na kwamba ni jambo la kawaida kwa mbwa hao hakumaanishi kwamba halimuumizi mmoja mmoja wao.

Hapa ndipo pana jambo ambalo ningetamani mumeo alisikie kutoka kwa daktari mwenyewe. Mbwa anapovuta hewa kwa nguvu kupitia tundu jembamba, nguvu ile ile huvuta na nyama laini za ndani, kama mrija wa karatasi uliolowa unavyojibana mtu anapofyonza kwa nguvu. Mwaka hadi mwaka kaakaa hunenepa, vifuko vidogo vilivyo kando ya nyuzi za sauti hupinduka nje na kuziba njia, na mwisho gegedu za zoloto hulegea na kuanza kuanguka ndani. Madaktari hupendelea kupanua pua mapema, mbwa akiwa bado kijana, kwa sababu hatua hiyo ya mwisho ni ngumu sana kuirudisha nyuma. Kwa hiyo kusubiri hadi watoto wauzwe ni uamuzi wenye gharama yake, hata kama hakuna shilingi inayotoka mfukoni leo. Kucheua povu nako mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa huo huo, na wako mbwa ambao tumbo lao hutulia baada ya njia ya hewa kufunguliwa.

Ulimi wa zambarau wa mwezi Februari ndio ulionitisha zaidi. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kuhema, unyevu wa kinywani na puani ukigeuka mvuke. Mbwa asiyeweza kuhema vizuri hubaki na joto lake ndani, na katika hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa mvuke huo hutoka kwa taabu zaidi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Safari nyingine kama ile inaweza isiwe na kurudi.

Je, Bonge ameumwa kiasi gani? Hapa napenda ushahidi kuliko mabishano. Nchini Uingereza, tangu 2019, Chuo Kikuu cha Cambridge na chama cha mbwa kiitwacho Kennel Club wanao utaratibu wa kuwapima mbwa wa aina hii: daktari anasikiliza pumzi kwa stetoskopu iliyowekwa shingoni mbwa akiwa ametulia, anamkimbiza mchakamchaka kwa dakika 3, kisha anasikiliza tena na kumpa daraja kuanzia 0 hadi 3. Mbwa wa daraja la 3 wanashauriwa wasizalishwe kabisa. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya bei kubwa. Kinahitaji ua, asubuhi yenye ubaridi, na daktari mwenye sikio. Kwa mbwa aliyewahi kuzidiwa kama wako, daktari ndiye aamue kama akimbizwe au sauti ya kutulia inatosha. Mumeo akisimama pale akasikia kwa masikio yake, huenda mazungumzo yakabadilika. Na huenda yasibadilike, lakini angalau mtakuwa mnabishana juu ya kitu kilichopimwa.

Kuhusu upasuaji wenyewe, daktari hukata kipande kidogo chenye umbo la kabari kutoka kwenye ukuta wa kila tundu la pua, akashona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Damu huonekana nyingi kwa dakika chache kisha hukoma. Akiwa usingizini hutazamwa pia kaakaa, na kama limezidi hupunguzwa. Hatari kubwa iko katika kuzinduka kuliko katika kisu, kwa sababu koo lililoguswa huvimba. Muulize daktari yeyote utakayemwendea kama atampa Bonge oksijeni kabla ya dawa ya usingizi, kama mrija wa hewa utabaki kooni hadi mbwa mwenyewe aanze kuukataa, na nani atakaa naye usiku ule. Daktari anayekereka kwa maswali hayo, mimi ningemshukuru na kuondoka. Na ujue pia kwamba mbwa atapumua vizuri zaidi kuliko sasa, ila hatakuwa kama mbwa mwenye pua ndefu. (Jina la Bonge, kwa kweli, linanipa wasiwasi, kama kweli ni bonge, kumpunguza uzito ni tiba ambayo hailipiwi, maana mafuta ya shingoni nayo hubana njia ya hewa.)

Sasa mpango wa watoto kwanza. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na katika wiki za mwisho tumbo lililojaa husukuma kiwambo cha pumzi juu, mapafu yakabaki na nafasi ndogo. Kisha kuna kujifungua: katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2010, zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa buldogi wa Kifaransa ulifanyika kwa upasuaji. Maana yake ni kwamba mumeo anapodhani anauahirisha upasuaji, yumkini anauchagua mwingine, pengine wa usiku wa manane, kwa mbwa mwenye mimba ambaye njia yake ya hewa haijarekebishwa. Sijui bei za kliniki mtakayokwenda, lakini muombe daktari awaandikie gharama za pande zote mbili kwenye karatasi. Mfanyabiashara wa samaki anajua kusoma hesabu ya mzigo unaoweza kuharibikia njiani.

Hata hivyo, naomba nikuulize maswali mawili kuhusu yale uliyoyachukulia kuwa yako wazi. La kwanza, una hakika gani kwamba mumeo anapuuza? Amepokea fedha za watu, ameshirikiana na mdogo wake, na sasa kurudi nyuma ni kukiri mbele ya wote kwamba biashara imeanza vibaya. Mtu aliye katika hali hiyo hulishikilia neno la "ndivyo walivyoumbwa" kwa sababu ndilo linalomstahi. Pengine anachohitaji kusikia kutoka kwako ni jinsi ya kurudisha malipo ya awali bila kuaibika, kabla ya kusikia habari za kaakaa. La pili, kwa nini cherehani yako ndiyo itoe fedha? Mbwa ni wa wanaume wawili. Cherehani ni mkono wako wa kulia, na ukiitoa kimya kimya hakuna atakayejua kwamba ilitolewa.

Hilo linanileta kwenye wazo la kumpeleka kwa siri. Ninaelewa linakotoka, na sitakuambia kwamba ni uovu. Lakini dada yako amegusa jambo zito: kufunga kizazi hakurudishwi, na daktari makini atauliza mwenye mbwa ni nani kabla ya kutia saini. Zaidi ya hapo, ikitokea Bonge asizinduke, utakuwa umebeba kifo chake peke yako, mbele ya mume na shemeji ambao hawakujua. Iko njia ya katikati, ya kupanua pua na kutazama kaakaa bila kugusa kizazi, ambayo haimnyang'anyi mtu chochote. Nayo ina udhaifu wake, kwa kuwa pua iliyopanuliwa kwa kisu hairithiwi, watoto watazaliwa na mistari ile ile, na mnunuzi atakayemwona mama anapumua vizuri atadanganyika. Kunyamaza nako ni njia, na hatari zake nimekwisha kuzitaja. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inayogusa mambo haya, lakini sikushauri uisome mezani wakati wa chakula cha usiku.

Nije kwa Kijivu, ambaye nahisi amesahaulika katikati ya ugomvi wa mbwa. Utani wa mumeo una jibu, tena zuri. Paka mwenye pua ya kawaida akitoa sauti ya kuziba bila kamasi, mara nyingi kizuizi kiko nyuma kabisa, juu ya kaakaa laini, mahali ambapo pua inakutana na koo na ambapo jicho halifiki. Kwa paka kijana aliyepitia mafua makali, daktari niliyemsomea barua alitaja washukiwa wawili kwanza. Mmoja ni kovu: uvimbe wa mafua ulipopona uliacha utando ulioziba njia, ukabakiza tundu dogo au hata usibakize kitu. Mwingine ni kinyama kinachoota kutoka sikio la kati na kushuka kwenye mfereji wake hadi nyuma ya pua. Wako wengine pia, kama vile fangasi, uvimbe wa saratani, au jani la nyasi lililokwama. Antibaiotiki haiyeyushi kovu wala haing'oi kinyama, ndiyo maana sindano zile zilikuwa zikituliza kidogo kisha sauti inarudi.

Mtazame ukiwa nyumbani. Weka kioo kidogo kilichopoa mbele ya pua yake akiwa ametulia, uone kama ukungu unatokea pande zote mbili, upande mmoja, au hautokei kabisa. Angalia kama anatikisa kichwa, anakuna sikio au anakipinda kichwa upande mmoja. Mweleze daktari hayo. Hatua inayofuata ni kulazwa kwa dawa ya usingizi: daktari hulivuta kaakaa mbele kwa ndoano butu, akatazama nyuma yake kwa kioo cha meno, na hujaribu kupitisha mrija mwembamba kutoka tundu la pua hadi kooni. Kama ni kinyama, mara nyingi huweza kuvutwa na kutolewa wakati huo huo, ingawa baadhi huota tena na kuhitaji upasuaji wa sikio. Kama ni kovu, safari huwa ndefu zaidi. Hupanuliwa kwa puto dogo linalojazwa likiwa ndani, na kovu lina tabia ya kurudi, hivyo paka wengi hurudiwa zaidi ya mara moja. Wengine huwekewa stenti, yaani mrija mdogo wa kushikilia njia wazi, ambayo nayo huweza kuziba au kuleta maambukizi. Kazi hiyo huhitaji kamera yenye mrija unaopinda, na ikiwezekana CT scan, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya kichwa kipande kwa kipande. Kabla ya kupanda basi, piga simu katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, au kliniki ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, uulize ni vifaa gani wanavyo kwa sasa.

Unaona kwa nini sikutaka kujibu swali la yupi? Kijivu anaweza kuwa mgonjwa wa bei nafuu kuliko wote wawili, au wa bei isiyowezekana, na kutazamwa kule mara moja ndiko kutakakokuambia.

Kwa mama mkwe sina la kubishana; anauliza swali ambalo kila nyumba yenye wanyama hujiuliza, nawe una haki ya kumjibu kwamba mnyama aliyeletwa nyumbani kwa biashara hakuomba kuletwa.

Wakati mnaendelea kuzungumza, yako mambo yasiyohitaji ruhusa ya mtu. Mvue Bonge mkanda wa shingoni umvalishe wa kifuani. Atembee alfajiri tu, na mlima ule asiuone tena. Dagaa wa Kijivu waloweke kwa maji ya uvuguvugu na uwaponde, maana paka aliyeziba pua hasikii harufu na hamu ya kula hupotea. Usimtilie matone ya pua ya watu, wala usimpe paracetamol hata kipande, kwani humwua paka. Na ikitokea mmoja wao akahema kwa mdomo wazi akiwa amelala tu, paka hasa, usisubiri mtu arudi kutoka kisiwani.

Majike wengi huingia kwenye joto takriban kila baada ya miezi 6. Unajua ni lini Bonge aliingia mara ya mwisho, kwa hiyo hesabu mbele upate mwezi unaokaribia, umwambie mumeo mwezi huo kwa jina, na mkubaliane kwamba hadi mtakapokuwa mmeonana na daktari wote wawili, na shemeji akiwepo ikiwezekana, geti linabaki limefungwa na hakuna dume litakaloingia uani.

Shangazi